Msomaji wa Pili

Watu wa ofisi ya maji walimwita Nukta, na jina hilo hakulichukia, maana alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi, yeye na mwenzake walikaa kwenye meza mbili zinazotazamana katika chumba cha chini, wakasomeana matangazo ya maji. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine alifuata kwenye nakala yake kwa rula ya mbao, mstari kwa mstari. Na walisoma kila kitu, hata alama za vituo. "Maji yatafungwa Jumatatu mkato kuanzia saa mbili asubuhi mkato katika mtaa wa juu na mtaa wa kati nukta." Mama huyu ana sauti ya kengele, na ile "nukta" yake ilifika mpaka uani kwa mafundi wa mabomba. Mafundi nao ni watu wa mizaha, jina likashika. Mwenzake mwenye rula wakamwita Rula, nalo likashika vilevile.

Miezi minane iliyopita Rula alistaafu. Walimpa saa ya ukutani, wakapiga picha, wakala biskuti, akaenda zake. Meza yake ilibaki, na kiti chake kilibaki na mto uliobonyea katikati. Mtu mwingine hakuletwa. Mkurugenzi alisema "tutaangalia," na wewe unaijua "tutaangalia" ya wakubwa: macho yenyewe yamefumbwa.

Nukta alikuwa na miaka hamsini na sita. Mumewe alifariki kitambo, na binti yake wa pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu Jumapili huku anapika, nusu ya maneno anamwambia mama, nusu anawagombeza watoto. Ukimya wa nyumbani Nukta alikwisha kuuzoea, kwa kuwa ofisini palikuwa na mtu wa kusema naye. Sasa ukimya ulimfuata hadi kazini. Kuna siku neno lake la kwanza alilitamka saa saba mchana, na aliuambia mlango uliokwama. Alikuwa mpweke. Hakulisema kwa mtu, lakini mimi nalisema ili tusizungukane.

Kilicholeta mambo yote haya ni tovuti ya ofisi. Ile ya zamani ilitengenezwa na kampuni moja iliyofunga kila kitu kwa makufuli yake, kisha kampuni yenyewe ikafa, ikaondoka na funguo. Hakuna aliyeweza kubadilisha hata tarehe. Kwa miezi mitano tovuti iliwatangazia watu bomba lililokwisha kuzibwa na kusahaulika, na matangazo ya kweli yakarudi kwenye karatasi, yanabandikwa getini na kwenye kuta za maduka.

Ndipo alipokuja fundi wa kompyuta. Ni baba mzima mwenye masharubu na mvi, anahudumia ofisi nne kwa siku, kwa hiyo husema amesimama.

"Safari hii tunachukua mfumo huria, mama," alisema.

"Huria ndiyo bure?"

"Bure ni nyongeza tu. Huria maana yake mwandiko wake wa ndani, ule unaouendesha, uko wazi. Anayetaka anaufungua, anausoma, anaubadilisha atakavyo. Aliyeutunga akihama, akifa, akinuna, sisi tunaendelea. Hakuna wa kutukimbia na funguo tena."

"Na mimi nahusikaje?"

"Wewe ndiye utakayeandika humo kila siku. Nimekuwekea mifumo mitatu hapa pembeni, hakuna anayeiona nje. Ijaribu kwa wiki tatu, uandike ripoti, useme tuchukue upi."

Nukta alikuwa hajaulizwa maoni tangu walipobadilisha rangi ya kuta, na hata wakati ule waliuliza wakiwa wameshanunua rangi. Alitafuta daftari jipya, akaandika juu ya ukurasa "Mifumo," akalipigia neno hilo mstari, na moyo wake ukafurahi kidogo.

Mfumo wa kwanza ulikuwa mwepesi kama kuandika barua. Unafungua, unaandika, unabonyeza kitufe cha kuchapisha, tangazo liko nje. Siku ya kwanza tu aliumudu. Wa pili ulitengenezwa kwa ajili ya magazeti makubwa yenye watu mia, na ndani yake kila mlango ulifunguka kwenye mlango mwingine. Alipotea humo siku mbili nzima, akaandika daftarini: "Huu unatafuta ofisi kubwa kuliko yetu." Akauacha.

Wa tatu ulimkamata. Uliweka kila tangazo katika hatua: linaandikwa, linasomwa, ndipo linachapishwa. Nukta aliandika tangazo la mtaa wa kati, akabonyeza kupitisha, na mfumo ukamjibu kwa maandishi mekundu: "Huwezi kupitisha kazi uliyoandika mwenyewe. Inasubiri msomaji wa pili."

Aliyasoma maneno hayo mara tatu. Kisha akacheka peke yake chumbani, kwa mara ya kwanza tangu zile biskuti za kuagana. Ilikuwa kama kumsikia Rula. Kila alipokuwa na haraka, mzee yule humwinulia rula na kusema, "Kinyozi hajinyoi, Nukta. Lete hapa."

Hapo ndipo ilipo roho ya jambo hili. Mfumo wa kwanza ungemtosha mtu mmoja, na kwa sababu hiyohiyo Nukta aliuogopa. Ukishachukuliwa huo, basi, atakuwa mtu mmoja mpaka astaafu: ataandika, atabonyeza, atakwenda nyumbani. Lakini huu wa tatu ungegoma. Bila mtu wa pili hakuna tangazo linalotoka, na mkurugenzi apende asipende angelazimika kuleta mtu akae kwenye kile kiti. Awe mkali, awe mvivu, awe anakula karanga mezani, Nukta hakujali. Alitaka mtu.

Ila kuujaribu mfumo wa watu wawili kunataka watu wawili, naye alikuwa mmoja. Akafanya ambalo wewe na mimi tungefanya: alifungua akaunti mbili. Ya kwanza aliiita Nukta. Ya pili alikaa akiitazama nafasi ya jina, kisha akaandika Rula.

Ikawa kila asubuhi anaingia kama Nukta, anaandika tangazo, anatoka. Anaingia kama Rula, analisoma, anaacha maoni pembeni, anatoka. Anarudi kama Nukta kujibu. Mwanzoni maoni ya Rula yalikuwa mafupi: "Sawa." "Ongeza saa." Wiki ya pili yakaanza kunoga. Rula alisema, "Watu wamekaa siku tatu bila maji, halafu unawaandikia 'tunaomba radhi' mwishoni kabisa? Ianze." Nukta akajibu, "Ikianza wataacha kusoma." Rula: "Wewe ungeacha?" Nukta: "Mimi nasoma hata boksi la dawa ya meno." Mabishano hayo yalichukua dakika arobaini, na Rula ndiye aliyeshinda, kama kawaida yake.

Jumapili binti yake alipopiga simu, Nukta alijikuta akimsimulia.

"Kwa hiyo mama, unabishana na kompyuta?" binti aliuliza, sufuria ikilia nyuma yake.

"Sibishani na kompyuta. Nabishana na mzee Rula."

"Mzee Rula si amestaafu?"

"Ndiyo, amestaafu."

"Mama, njoo ukae na sisi, jamani."

"Niko kwenye majaribio," Nukta alisema. "Ripoti ni Ijumaa ijayo."

Jumanne ya wiki ya tatu mafundi walileta taarifa ya kubadilisha koki kubwa ya mtaa wa kati. Nukta akaandika tangazo kwenye mfumo wa tatu. Rula akalisoma, akaandika, "Safi, sina neno," akalipitisha saa tano na dakika saba. Kwa kuwa majaribio hayakuonekana nje, alilichapa kwenye karatasi na mafundi wakalibandika mitaani, kama walivyofanya na yote yaliyotangulia.

Jumatano saa nne asubuhi, dobi wa mtaa wa kati aliingia chumba cha chini bila hodi. Mikono yake ilikuwa na povu hadi viwikoni.

"Nani hapa anaandika haya makaratasi?" aliuliza.

"Ni mimi, ndugu yangu. Karibu ukae."

"Sikai! Karatasi yenu inasema maji yanafungwa Alhamisi. Leo Alhamisi?"

"Leo Jumatano."

"Ahaa, kumbe unajua! Sasa mbona yamekatika leo? Nina mashuka arobaini ya watu yana sabuni, na bwana harusi ana suti moja tu mjini hapa na iko kwenye beseni langu!"

Nukta aliichukua taarifa ya mafundi kutoka kwenye faili. Jumatano, ilisema, wazi kabisa. Akalitazama tangazo lake. Alhamisi. Dobi alimshushia maneno yote aliyokuja nayo, na yalipokwisha akaazima mengine, naye aliyapokea yote na kuomba radhi mara nne. Kisha aliwaomba mafundi wampelekee dobi mapipa matatu ya maji kwa gari, na bwana harusi akaoa akiwa mkavu.

Dobi alipoondoka, Nukta alifungua mfumo. Chini ya tangazo palikuwa pameandikwa, bila huruma: "Limeandikwa na Nukta. Limesomwa na Rula." Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Rula wa kweli hangelipitisha hata kidogo. Rula wa kweli aliisoma taarifa ya mafundi kwanza na tangazo baadaye, kwa vile hakumwamini mtu yeyote, hata Nukta, na kutoaminiwa kule kulikuwa kuzuri. Siku zote hizo alikuwa akijisifia macho manne, kumbe ni yaleyale mawili yaliyobadilisha jina. Nyani haoni kundule, na akijiita nyani wa pili, bado haoni.

Siku hiyo baada ya chakula alipiga moyo konde, akampigia Rula simu. Hakuwa amempigia tangu aondoke. Kila wiki alijiambia asimsumbue mtu aliyepumzika, na kila wiki alitumaini kwamba yeye ndiye atapiga.

"Nukta!" sauti ya mzee ilijaa furaha. "Bado mnafunga maji ya watu?"

"Tunafunga, kaka, tena siku tusizozitangaza."

Akamweleza yote: mfumo huria, hatua zake, dobi na suti. Akaunti yenye jina lake aliiruka. Rula alicheka hadi akakohoa. Kisha Nukta akasema lile lililompigisha simu.

"Uzuri wake, kaka, mfumo huu unafunguka popote. Ungeweza kusoma ukiwa nyumbani. Nusu saa tu asubuhi, na chai yako mkononi. Ningeliandika kwenye ripoti, wakupe chochote. Tungekuwa kama zamani."

Nukta alisikia kuku upande wa pili, na mtoto anaita babu.

"Nukta, dada yangu," Rula alisema taratibu, "nisamehe. Mimi nilikuwa nahesabu siku."

"Siku gani?"

"Za kutoka mle chumbani. Miaka minne ya mwisho nilikuwa na kalenda ndani ya droo, nakata siku mojamoja. Kusoma mabomba kwa sauti, mkato, nukta, mkato, nukta, nilikuwa naota hata usiku. Siwezi kurudi, hata kwa nusu saa. Kumbe wewe ulikuwa unapenda?"

"Aa, mimi!" Nukta alisema, na akacheka vizuri kabisa, ile sauti ya kengele haikutetereka. "Nani apende mabomba? Nilikuwa naulizia tu, kwa ajili ya ripoti."

"Nilijua. Wewe mtu wa kazi."

Waliulizana habari za watoto, wakaagana. Nukta aliweka simu juu ya meza, akalia. Hakulia kwa sababu mzee alikataa. Alilia kwa sababu miaka kumi na tisa waliketi uso kwa uso, na yeye mmoja tu ndiye aliyekuwa na mwenzake.

Alhamisi aliandika ripoti. Angeweza kuipamba, mhariri anajua pa kupaka rangi. Hakupamba. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika kwamba mfumo mwepesi unafaa kwa mtu mmoja, na kwamba mtu mmoja hafai. Kwenye ukurasa wa pili alieleza kwa nini mfumo uwe huria, akatumia maneno ya fundi karibu yote: uko wazi, haufungwi na mtu, unabadilishwa kulingana na mahitaji ya ofisi. Kwenye wa tatu alijishitaki mwenyewe: siku, tarehe, dobi, mashuka arobaini, akaunti mbili za mtu mmoja. Akamaliza hivi: "Napendekeza mfumo wa tatu, na napendekeza msomaji wa pili. Awe mtu."

Jumatatu mkurugenzi alimwita juu. Fundi alikuwepo, amesimama dirishani.

"Mama, keti," mkurugenzi alisema. Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ana mabomba mabovu na watu wachache, na sauti yake imechoka. "Nimesoma ripoti nyingi hapa. Hii ni ya kwanza niliyoimaliza. Na lile la dobi, kujisema namna ile, watu hawafanyi. Tunachukua mfumo wako wa tatu."

Nukta akauliza, "Na mtu, mkurugenzi?"

"Mtu sina. Mama, sina hata wa kusoma mita. Lakini fundi amepata njia."

Fundi alisogea, anajivunia kidogo. "Ni huria, mama, si umeandika mwenyewe ukurasa wa pili? Nimeingia ndani, nimebadilisha mistari sita tu. Ukimaliza kuandika, tangazo linasubiri dakika kumi. Msomaji wa pili asipotokea, linajipitisha lenyewe. Hukwami tena."

"Na hizo dakika kumi?"

"Unajisomea mara ya pili."

"Kinyozi hajinyoi," Nukta alisema.

Mkurugenzi akacheka, bila ubaya. "Kinyozi wa siku hizi ana vioo viwili, mama."

Nukta alitaka kusema jambo. Alitaka kusema kwamba hakuomba kioo. Lakini mkurugenzi alikwisha kuvuta faili lingine, na neno lake, alipolitazama vizuri, halikuwa la ripoti. Nani ameandika kwenye ripoti kwamba kiti kitupu kinamtazama? Akashukuru, akashuka ngazi.

Kesho yake fundi alikaa chumba cha chini kukamilisha. Alikaa kwenye kiti cha Rula, juu ya mto wa Rula, na kwa muda wa saa nzima chumba kilikuwa na watu wawili. Nukta alimtengenezea chai. Alimuuliza habari za ofisi nyingine tatu, akamuuliza habari za mkewe, na fundi alijibu huku vidole vikikimbia.

"Hii akaunti ya Rula tunaifanya ndiyo msomaji wa pili wa kudumu, eeh?" fundi aliuliza. "Tayari ina ruhusa zote. Dakika kumi zikiisha, tangazo litaandikwa 'limesomwa na Rula.' Inapendeza, watu wataona kuna utaratibu."

"Hapana. Ifute."

Fundi akabonyeza. Mfumo ukauliza kama zinavyouliza mashine hizi: matangazo ishirini na matatu yaliyosomwa na mtumiaji huyu, yahamishiwe kwa nani? Orodha ikafunguka. Ilikuwa na jina moja.

"Kwako?" fundi aliuliza.

"Si ndilo lililobaki?"

Yakahamia. Fundi akasonga mbele, kisha akakwama. "Nafasi ya msomaji wa pili haikubali kuachwa wazi, mama. Niweke jina gani? Niweke 'Ofisi'? Au 'Kamati ya Uhariri'? Kamati inasikika vizuri."

Nukta alizunguka meza, akasimama nyuma yake. Jambo hili, katika yote ya wiki zile, ndilo pekee alilokuwa na uamuzi nalo.

"Andika 'hakuna.'"

Fundi aligeuka kumtazama. "Mama, hili litaonekana nje. Mji mzima utaona."

"Ndiyo. Sipitishi jambo lisilo la kweli kwa jina la kamati."

"Mkurugenzi je?"

"Akiliona, atanipigia simu."

Fundi aliandika. Akamaliza chai, akasimama, akashukuru, akaenda kwenye ofisi yake ya pili ya siku hiyo. Nukta aliketi, akaandika tangazo la kwanza la tovuti mpya: mtaa wa juu, Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Alilisoma mara tatu, akalilinganisha na taarifa ya mafundi mara mbili, akabonyeza. Dakika zikaanza kurudi nyuma kwenye kona ya kioo cha kompyuta, kumi, tisa, nane, naye akazitazama zote, mikono mapajani, hadi ya mwisho.

Tangazo likatoka. Chini yake, kwa herufi ndogo, palisomeka: "Mwandishi: Nukta. Msomaji wa pili: hakuna." Kufikia jioni lilikuwa limefunguliwa na watu elfu tatu na mia moja. Wote walitazama siku ya maji, wakajaza ndoo zao, na simu ya chumba cha chini haikulia.